Vituo vya data: kwa nini majirani wanavikataa

Wakazi wa Boxtown, mtaa ulio kusini mwa jiji la Memphis nchini Marekani, wamezoea kuishi na viwanda. Kiwanda cha kusafisha mafuta hakiko mbali nao, na kwa miaka mingi mtambo wa umeme wa makaa ya mawe ulikuwa ukitoa moshi eneo hilohilo. Mtaa wenyewe ulianzishwa katika karne ya 19 na watu weusi waliotoka utumwani. Mwaka 2024 ukapata jirani mpya: kampuni ya xAI ya Elon Musk iligeuza jengo la kiwanda kilichofungwa kuwa kituo kikubwa cha data cha kufundishia akili mnemba, na kukiita Colossus.

Kituo hicho kilitaka umeme mwingi kuliko ule ambao gridi ingeweza kukipatia kwa haraka. Kampuni ikaleta turbini za gesi asilia, zikapangwa safu kwa safu kando ya jengo. Mapema mwaka 2025, picha zilizopigwa kutoka angani kwa ajili ya wanasheria wa mazingira zilionyesha turbini 35, na wakati huo hakuna hata moja iliyokuwa na kibali cha kutoa moshi hewani. Kampuni ilishikilia kwamba ni mitambo ya muda isiyohitaji kibali. Mwezi Aprili wananchi walijaa kwenye kikao cha hadhara kupinga, akiwamo mbunge wao wa jimbo, Justin J. Pearson. Julai 2025, idara ya afya ya kaunti ya Shelby, ambamo Memphis imo, ilitoa kibali cha turbini 15. Watu walikuwa wameshavuta moshi wa turbini kwa miezi mingi.

Moshi usioonekana

Gesi asilia haitoi masizi meusi kama makaa ya mawe, ndiyo maana wengi hudhani haina madhara. Lakini joto kali ndani ya turbini huunganisha naitrojeni na oksijeni zilizomo hewani, zikawa oksidi za naitrojeni. Gesi hizo huwasha njia za hewa. Zikipigwa na jua pamoja na mvuke wa petroli, rangi na kemikali nyingine, huzaa ozoni.

Ozoni iliyo juu sana angani hutukinga na miale mikali ya jua. Iliyo karibu na ardhi tunaivuta, na hapo ndipo inapodhuru. Utando wa ndani wa njia za hewa huvimba, misuli inayozizunguka hujikaza na ute huongezeka. Mwenye pumu husikia kifua kinabana na pumzi ikitoka kwa mluzi. Watoto huumia zaidi, kwa sababu mapafu yao bado yanakua na huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima ukilinganisha na uzito wao.

Kaunti ya Shelby ilikuwa tayari na tatizo la ozoni: Chama cha Mapafu cha Marekani kimeipa alama F, ya chini kabisa. Halafu jiji lilipotangaza kwamba vipimo vya hewa vya Juni 2025 havikuonyesha hatari, wanasheria wa mazingira walibaini kuwa ozoni haikupimwa. Kipimo kinachoruka sumu inayojulikana hakiwezi kumtuliza mzazi ambaye mtoto wake analala na dawa ya kuvuta kando ya mto.

Maji yanakwenda wapi?

Karibu umeme wote unaoingia kwenye kompyuta hugeuka joto. Maelfu ya kompyuta zikifanya kazi usiku na mchana ndani ya jengo moja, bila kupozwa zingeharibika. Njia mojawapo ya gharama nafuu ni mvuke, kama mtungi wa udongo unavyopoza maji: unyevu unaotoka nje ya mtungi huondoka na joto. Tofauti ni kwamba kituo kikubwa kinaweza kupoteza mamilioni ya lita kwa siku, na maji yaliyopaa hewani hayarudi bombani.

Wananchi wa Uruguay walilielewa jambo hili wakati mbaya. Mwaka 2023 ukame ulikausha bwawa linalotegemewa na mji mkuu, Montevideo, mamlaka zikachanganya maji ya bomba na maji yenye chumvi kutoka mdomo wa mto. Wenye shinikizo la damu na wajawazito walitahadharishwa. Wakati huohuo ilibainika kwamba Google ilipanga kujenga kituo ambacho kingetumia lita milioni 7.6 kwa siku. Takwimu hiyo haikutolewa kwa hiari. Ilipatikana baada ya mtafiti mmoja kwenda mahakamani. Watu waliingia barabarani, na baadaye mradi ukapunguzwa na kuhamishiwa kwenye mfumo wa kupozwa kwa hewa.

Mfumo huo nao una bei yake, kwa kuwa ukiokoa maji huongeza matumizi ya umeme. Ireland imeuona uzito wa umeme huo: vituo vya data vilitumia asilimia 5 ya umeme wa nchi mwaka 2015, na asilimia 21 mwaka 2023. Msimamizi wa gridi alilazimika kusitisha maunganisho mapya katika eneo la Dublin.

Na kwetu?

Mei 2024, Microsoft na kampuni ya G42 ya Falme za Kiarabu zilitangaza mpango wa dola bilioni 1 nchini Kenya, ukiwamo ujenzi wa kituo cha data Olkaria kitakachotumia umeme wa jotoardhi. Umeme huo hauna moshi wa gesi, na hiyo ni heri. Lakini mpango ulizungumzia kuanza na megawati 100 na hatimaye kufikia 1,000, ilhali mapema mwaka 2025 mahitaji ya Kenya nzima, hata katika saa za kilele, yalikuwa takriban megawati 2,300. Mwananchi ana haki ya kuuliza: umeme huo utaongezwa, au utatolewa kwenye fungu la nyumba, zahanati na viwanda vilivyopo?

Hatuwezi kuvikataa vituo vya data kwa jumla. Fedha tunazotumiana kwa simu, majibu ya hospitali na utabiri wa mvua vyote vinapita humo. Watu wa Memphis na Montevideo walipinga kubebeshwa gharama ambazo hawakuelezwa. Ajira wanazoahidiwa huwa nyingi wakati wa ujenzi. Kituo kikishawashwa, hubaki wafanyakazi wachache.

Katiba ya Kenya inampa raia haki ya mazingira safi katika ibara ya 42, na haki ya kupata taarifa katika ibara ya 35. Zitumike kabla msingi haujachimbwa. Kituo kitatumia lita ngapi kwa siku, kutoka chanzo gani? Umeme ukikatika, jenereta ngapi za dizeli zitawashwa, na nani atapima hewa? Ukisikia mradi kama huu unakuja kwenu, nenda kwenye kikao, omba ripoti ya tathmini ya mazingira na udai majibu kwa takwimu. Mradi unaoficha takwimu za maji, umeme na hewa haustahili kibali.