Walikataliwa kwa Usumbufu, Sasa Wanawinda Majangili: Hivi Ndivyo Mbwa Watundu Wanavyoomoka

Kila mtaa una huyo mbwa. Amekula viatu vya watu wote kejani, amechimba bustani kama anatafuta bomba la maji, na bodaboda ikipita anaikimbiza mpaka stage. Mwenyewe amechoka. Majirani wamechoka. Watu wameanza kuulizana nani atambeba usiku akamwache mbali.

Wasee, kabla hajatupwa, soma hii stori.

Kule Marekani mbwa wa aina hiyo huishia shelta, yaani kituo cha mbwa waliookotwa au kurudishwa na wenyewe. Hata huko maisha ni noma. Familia zikija kuchagua zinataka mbwa mpole wa kulala kando ya sofa. Huyu wetu anaruka ukutani, anabweka bila kupumua na anaangusha watoto. Anachukuliwa Jumamosi, Jumatano amerudishwa. Na shelta ikijaa, mbwa ambaye hakuna anayemtaka hudungwa sindano ya mwisho.

Lakini kuna watu ambao wakifika hapo hawaulizi yule mpole. Wanamuuliza mhudumu, "Nani hapa amewashinda kabisa?"

Kichwa ngumu ndiye anatafutwa

Mmoja wao ni Samuel Wasser, mwanasayansi wa University of Washington, Seattle. Mwaka wa 1997 alianzisha mradi unaoitwa Conservation Canines, wa kufunza mbwa kutafuta kinyesi cha wanyama wa pori. Ndiyo, mavi. Usicheke kwanza. Ndani ya kinyesi mtaalamu anapata mnyama ni nani, amekula nini, ana msongo kiasi gani, na hata kama ana mimba. Yote hayo bila kumdunga mnyama dawa ya usingizi wala kumtega.

Mbwa wengi wa mradi huo walitoka shelta. Mtihani wa kuingia ni rahisi. Mkufunzi anamwonyesha mbwa mpira, anautupa kwenye nyasi ndefu, halafu anatulia. Mbwa wa kawaida atatafuta dakika moja, achoke, aende kunusa mti. Mbwa anayetafutwa hataacha. Atazunguka, atachimba, atalia, na ukimvuta atakukokota arudi palepale.

Kwa familia, tabia hiyo ni balaa. Huyo mbwa atakuletea mpira saa tisa usiku. Kwa mkufunzi, hiyo ndiyo injini. Mbwa ambaye yuko tayari kutafuta mpira siku nzima atatafuta kitu chochote, mradi ajue mwisho wa kazi kuna mpira.

Kwani shida inatoka wapi?

Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Mbwa wa jamii fulani hawakuzaliwa kukaa tu. Binadamu aliwachagua kizazi baada ya kizazi kwa sababu ya kazi.

Labrador asili yake ni Newfoundland, Kanada, ambako mababu zake waliwasaidia wavuvi kuvuta nyavu na kuokota samaki waliotoroka. Kwa hivyo ukimpata amebeba soksi zako mdomoni, hajakuibia. Anafanya kazi ya babu yake. German Shepherd, aliyeanza kusajiliwa kama jamii rasmi Ujerumani mwaka wa 1899, alikuwa mbwa wa kuchunga kondoo. Malinois wa Ubelgiji pia ni mchungaji. Border Collie ni wa mpakani mwa Uingereza na Scotland, na kazi yake ni kukusanya kondoo kwa kuwatolea macho na kuwanyemelea.

Sasa chukua mchungaji kama huyo, umfungie kwenye kibanda cha mabati kuanzia asubuhi hadi usiku. Hakuna kondoo. Kitu pekee kinachotembea ni bodaboda na watoto wa shule. Atachunga hao hao. Wewe utasema ni mkali, kumbe ni fundi aliyekosa job, na akili inamwasha.

Na ile pua? Mbwa anaweza kuwa na vipokezi vya harufu hadi milioni 300. Wewe na mimi tuna karibu milioni 6. Kumfungia mbwa kama huyo mahali pasipo na harufu mpya ni kama kukufungia wewe ndani ya chumba chenye giza miezi sita, halafu nishangae ukianza kupiga kuta.

Anafunzwaje?

Mafunzo huanza na mikebe kadhaa kwa mstari. Mmoja una harufu inayotakiwa, mingine ni mitupu. Mbwa anapita akinusa. Pua ikigusa ule wenyewe, mpira unatokea hapo hapo. Usichelewe hata kidogo, maana mbwa huunganisha zawadi na kile alichokuwa akifanya wakati huo. Akirudia mara kadhaa, mambo yanaingia kichwani: harufu hii ndiyo mpira.

Kisha anafunzwa kusema kwa adabu. Hakuna kuchimba wala kuuma. Akipata, anaketi au analala na kutulia. Baadaye mkufunzi anaanza ujanja: anaweka nyama kwenye mkebe mwingine, au kinyesi cha mnyama tofauti. Mbwa akiketi hapo, hapati kitu. Hapigwi, hafokewi, ila hakuna mpira.

Halafu wanatoka nje kwenye upepo, na hapo binadamu naye anakuwa mwanafunzi. Lazima ajue upepo unatoka wapi, ndio amweke mbwa upande ambao harufu itamfikia. Lazima asome mkia, masikio na pumzi. La muhimu zaidi, lazima ajichunge yeye mwenyewe. Mbwa ni mjanja sana kusoma mtu wake. Ukisimama au ukatazama mahali ambapo kitu kimefichwa, ataketi kukufurahisha. Ndiyo maana kwenye mtihani wa kweli kitu hufichwa na mtu mwingine, na anayemshika mbwa hajui kiko wapi.

Tucker na Ruger

Tucker alikuwa chotara mweusi wa Labrador kwenye mradi wa Wasser. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya mashua karibu na Seattle, kutafuta kinyesi cha nyangumi aina ya orca kabla hakijazama. Aliweza kukinusa kutoka karibu maili moja. Akipata harufu anainama upande ule, nahodha anageuza mashua kufuata pua. Kichekesho ni kwamba Tucker mwenyewe aliogopa kuingia majini!

Matokeo yake hayakuwa kichekesho. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017, uliotegemea kinyesi kilichopatikana kwa njia hiyo, ulionyesha kwamba hadi asilimia 69 ya mimba za orca wa eneo hilo ziliharibika, na uhaba wa samaki wa salmon ulikuwa sababu kubwa. Bila mbwa kwenye mashua, sampuli nyingi za kazi hiyo zingezama.

Ruger naye ni wa Montana, huko huko Marekani. Alikuwa mbwa wa kuokolewa, na macho yake yalikuwa yanafifia. Nani angemchukua? Shirika la Working Dogs for Conservation lilimchukua, likamfunza kunusa bunduki, risasi na pembe za ndovu, kisha akaletwa hapa Afrika, eneo la South Luangwa nchini Zambia, kusaidia askari wa wanyamapori kukagua magari. Mbwa aliyekuwa akielekea upofu ndiye alikuwa anaona kilichofichwa chini ya mizigo.

Hapa kwetu KWS pia ina mbwa wa kunusa pembe za ndovu, wakiwemo walioko JKIA na bandari ya Mombasa. Ukipita hapo umwone ameketi kando ya sanduku la mtu, jua huyo mtu ana maswali ya kujibu.

Si kila mtundu ataomoka

Tuseme ukweli. Mbwa wengi wanaojaribiwa hufeli. Mwingine ana nguvu lakini anaogopa kelele, mwingine anapenda mpira lakini pia anapenda kufukuza swara. Na mbwa anayeuma watu ni kesi tofauti kabisa. Huyo kazi haimponyi. Anahitaji daktari wa mifugo na mtaalamu wa tabia, na lazima awe amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zikishaanza kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha ukimbie hospitali siku hiyo hiyo.

Lakini yule wako wa kula viatu? Huyo jaribu hivi. Badala ya kumwekea chakula chote kwenye sahani, mwaga kiasi kwenye nyasi akitafute kwa pua. Ficha mpira nyuma ya ndoo, umwambie atafute, akipata mshangilie kama Gor imefunga bao. Dakika 10 mangware, 10 jioni. Mtoe matembezi, na umwache anuse kila nguzo. Mchapo hautamfunza chochote ila kukuogopa.

Hatakuwa Ruger. Ila jioni akishapiga shifti yake, kuna uwezekano mkubwa atalala, na viatu vyako vitaishi kuona kesho.

Je, wako ameshakula nini hadi sasa?