Unasaka Job ya Kihispania? Chunga "Tercero"

Msee, kama unajifunza Kihispania kwa simu ukiwa kwa mat ya kutoka Thika, shika hii kabla ufike Ruiru. Mimi ilinichoma kwa intavyu ya kupokea simu za wateja. Nilisema "tercero piso". Jamaa akacheka, na sikuitwa tena.

Sisi tunabadilisha "-a": mtu wa pili, gorofa ya pili. Kihispania kinabadilisha mwisho wa neno. Gorofa, "piso", ni ya kiume, so ni "segundo piso". Barabara, "calle", ni ya kike: "segunda calle".

Noma iko kwa mbili tu. "Primero" na "tercero" hutupa "o" zikikaa mbele ya neno moja la kiume: "primer piso", "tercer piso". Za kike haziguswi.

Ukipita "décimo", ya kumi, relax. Gorofa ya kumi na moja wengi wanasemanga tu "piso once". Tarehe nazo ni rahisi: mosi ni "primero", alafu "dos", "tres", namba za kawaida.

Konda akiuliza unashukia wapi, jijibu kimoyomoyo: "la tercera parada". Parada ni stage, na ni ya kike.