Kufuma kwa mkono: Kwa nini mafundi wengi huanza kutanda nyuzi kutoka nyuma?

Shali imeshafumwa nusu, mara ukingo mmoja unaanza kulegea. Fundi anakaza, baada ya muda unalegea tena. Kitambaa kinajikunja, na mistari iliyotakiwa kunyooka inapinda.

Kosa hilo halikufanyika leo. Lilifanyika siku nyuzi zilipokuwa zinatandwa, kabla hata ufumaji haujaanza.

Mtande ni nini?

Kitambaa cha kufumwa kina nyuzi za aina mbili. Mtande ni nyuzi za urefu, zinazofungwa kwanza na kukazwa. Mshindio ni uzi unaopita kati yake, kulia na kushoto.

Kitanda cha mfumi kinachosimama sakafuni na kuendeshwa kwa kanyagio za miguu kina magogo mawili. Gogo la nyuma hubeba mtande ambao haujafumwa. La mbele huzungushiwa kitambaa kinachokamilika. Katikati kuna vitanzi vinavyoinua na kushusha nyuzi, na chanuo linalozipanga na kugongea mshindio.

Kuna njia mbili kuu za kuweka mtande hapo. Ya kwanza huanzia mbele: nyuzi hupitishwa kwenye chanuo, kisha kwenye vitanzi, halafu zote huvutwa hadi gogo la nyuma. Ya pili ni kinyume chake, na ndiyo iliyozoeleka Sweden na nchi jirani za Skandinavia. Nyuzi huzungushwa kwanza kwenye gogo la nyuma, zikiwa zimekazwa, ndipo zinapitishwa kwenye vitanzi na chanuo.

Faida yake? Mtande mrefu haukwaruzwi kwa kuvutwa wote kwenye matundu membamba wakati wa kuzungushwa. Kwa nyuzi laini, zenye manyoya au mtande wa mita nyingi, tofauti huonekana haraka.

Hesabu kwanza

Chukua mfano wa shali mbili za pamba, kila moja mita 1.8, upana sentimita 40, nyuzi 6 kwa kila sentimita.

Nyuzi zinazohitajika ni 40 mara 6, yaani 240. Urefu wa shali mbili ni mita 3.6. Ongeza asilimia 10 kwa kusinyaa, halafu sentimita 80 za mwisho ambazo haziwezi kufumika. Jumla ni karibu mita 4.8 kwa kila uzi.

Zidisha: mtande peke yake unakula karibu mita 1,150 za uzi. Ukiharibika, hasara si ndogo.

Hatua kwa hatua

1. Pima na uweke msalaba. Uzi huzungushwa kwenye fremu yenye vigingi mpaka ufikie urefu uliopangwa. Karibu na ncha moja, nyuzi hupishana kati ya vigingi viwili na kufanya umbo la msalaba. Msalaba huo ndio unaotunza foleni: uzi wa kwanza unabaki wa kwanza, wa 240 unabaki wa 240. Ufungwe vizuri kabla ya kutoa nyuzi kwenye fremu. Ukipotea, nyuzi zinageuka fungu la tambi.

2. Tawanya nyuma. Ncha yenye msalaba huvikwa kwenye fimbo ya gogo la nyuma. Vijiti viwili huingizwa kwenye msalaba na kufungwa kwenye kitanda. Kisha nyuzi hugawanywa kwenye ubao wenye misumari iliyopangwa kama reki. Kwa mfano wetu, misumari ikiachana sentimita moja, kila nafasi inapata nyuzi 6. Upana upimwe kutoka katikati, sentimita 20 kila upande.

3. Zungusha kwa mkazo sawa. Hapa ndipo shali inapopona au kufa. Gogo likizungushwa bila kitu kati ya tabaka, nyuzi za juu huzama kati ya zile za chini, na za pembeni huporomoka. Baadhi zinasafiri njia fupi kuliko wenzake, na mkazo hautakuwa sawa baadaye.

Dawa yake ni rahisi: karatasi ngumu, pana kuliko mtande, au vijiti bapa, viingizwe kila gogo linapozunguka. Anayefanya kazi peke yake anaweza kufunga chupa za maji zenye uzito sawa kwenye mafungu ya nyuzi upande wa mbele, zivute wakati yeye anazungusha. Nyuzi zilizonasa zitikiswe au zipigwe kidogo. Kuzichana kwa vidole husukuma ulegevu mbele tu.

4. Vitanzi. Zikibaki karibu sentimita 50 mbele, ncha hukatwa. Nyuzi huchukuliwa moja moja kwa mpangilio wa msalaba na kupitishwa kwenye vitanzi, kwa mfano fremu ya 1, 2, 3, 4, kisha kurudia. Kila fungu dogo likaguliwe kabla ya kufungwa fundo jepesi.

5. Chanuo. Chanuo lenye nafasi 3 kwa sentimita hupokea nyuzi mbili kila nafasi. Nyuzi 240 zitajaza nafasi 120.

6. Funga mbele. Mafungu hufungwa kwenye fimbo ya mbele, kuanzia katikati, kisha kulia na kushoto kwa zamu. Kiganja kikipapasa juu ya mtande, kisikute sehemu laini na nyingine ngumu.

Kosa likionekana?

Kabla ya shali yenyewe, fumwa mistari michache kwa uzi wa mabaki. Hiyo ndiyo bei rahisi ya kugundua makosa.

Mstari mwembamba wenye uwazi mara nyingi ni nafasi ya chanuo iliyorukwa. Nyuzi hupangwa upya kuanzia hapo hadi ukingo ulio karibu. Uzi ulioingia kitanzi kisicho chake unaweza kutengenezewa kitanzi kipya cha uzi imara kwenye fremu sahihi, bila kufungua mtande wote.

Mkazo usio sawa kwenye gogo la nyuma ni habari nyingine. Kukaza mafundo ya mbele kunasaidia kwa muda tu, kwa sababu ulegevu umeshazungushwa ndani. Dawa ya kudumu ni kufungua mtande na kuuzungusha upya. Ndiyo maana hatua ya tatu haikimbizwi, hata kama inamaliza mchana mzima.