Seva inaandika kila kitu: jipimie uone neno la siri linavyoishia kwenye logi

Vijana wengi siku hizi tunajifunza kutengeneza tovuti. Fomu ikifunguka na kitufe kikibonyezeka, basi, tunaona kazi imekwisha. Wachache sana wanageuka kutazama upande wa pili, yaani seva imepokea nini na imeandika nini. Leo tutazame huko, maana huko ndiko siri za watu zinakovujia.

Kwanza tuelewane. Seva ni programu inayokaa ikisubiri maombi. Ukibonyeza kiungo, brauza yako inatuma ombi: nipe ukurasa fulani. Seva inajibu, halafu inaandika mstari mmoja kwenye daftari lake. Daftari hilo ndilo logi. Linasaidia sana, bila hilo huwezi kujua tovuti imekwama wapi. Ila halichagui cha kuandika.

VIFAA

PHP ina seva yake ndogo ya majaribio tangu toleo la 5.4 la mwaka 2012. Ukiwa na XAMPP tayari unayo. Kama upo kafe na kompyuta si yako, muulize kwanza mhudumu, usianze kupakia vitu vya watu kimya kimya.

Tengeneza folda, weka faili mbili. Ya kwanza iite fomu.html:

<form action="pokea.php" method="get">
Jina: <input name="jina">
Neno la siri: <input type="password" name="siri">
<input type="submit" value="Ingia">
</form>

Ya pili iite pokea.php:

<?php echo "Imefika"; ?>

Fungua dirisha jeusi la amri, ingia kwenye folda hiyo, andika:

php -S localhost:8000

Windows ikigoma kuitambua php, andika njia nzima, kwa kawaida ni C:\xampp\php\php.exe. Sasa fungua brauza, nenda http://localhost:8000/fomu.html, na lile dirisha jeusi liache wazi pembeni.

JARIBIO LA 1: Ombi la kawaida

Ukurasa ukifunguka tu, utaona mstari wenye saa, anwani 127.0.0.1 (ndiyo kompyuta yako mwenyewe), namba 200 na neno GET. 200 maana yake ombi limejibiwa vizuri. Huenda ukaona na mstari wa pili wenye 404 na favicon.ico. Usishtuke. Brauza imeomba yenyewe ile picha ndogo ya juu kwenye kichupo, na wewe hujaiweka. Hapo umeshajifunza jambo: brauza inaomba vitu ambavyo hukuvibonyeza, na seva inaviandika vyote.

JARIBIO LA 2: Neno la siri

Jaza fomu. Tumia neno la siri la uongo, tafadhali. Tuseme jina ni asha na siri ni embe123. Kwenye skrini unaona vidoti tu, unajiona uko salama. Bonyeza Ingia, halafu tazama logi:

[200]: GET /pokea.php?jina=asha&siri=embe123

Hiyo hapo, kavu kavu! Vidoti vilikuwa vya kumficha aliyekaa nyuma yako tu. Fomu ya GET inabandika ulichojaza kwenye anwani ya ukurasa, na anwani ndiyo inayoandikwa kwenye logi. Si kwenye logi peke yake. Inabaki pia kwenye historia ya brauza, na kwa mtu wa kafe hili ni balaa: anayekaa kwenye kiti baada yako akianza kuandika anwani ile, brauza inaweza kummalizia yenyewe pamoja na siri yako.

Sasa badilisha get iwe post kwenye fomu.html, hifadhi, fungua ukurasa upya, jaza tena. Logi inasema:

[200]: POST /pokea.php

Basi. Siri imefika, lakini haikuandikwa. Wala si jambo jipya: kanuni za HTTP za mwaka 1999, RFC 2616, zilishaonya kwamba fomu za GET zisitumike kutuma taarifa nyeti.

JARIBIO LA 3: Ukijichongea mwenyewe

Ongeza mstari huu ndani ya pokea.php:

error_log(print_r($_POST, true));

Watu huuweka wakitafuta hitilafu, halafu wanausahau. Tuma fomu tena. Siri imerudi kwenye logi, safari hii umeiweka kwa mkono wako.

Msidhani haya ni ya wanafunzi tu. Mei 2018 Twitter iliwaambia watumiaji wake wote, zaidi ya milioni 330, wafikirie kubadili maneno ya siri, baada ya kugundua hitilafu iliyoyaandika wazi kwenye logi ya ndani. Machi 2019 Facebook nayo ikakiri kuwa maneno ya siri ya mamia ya mamilioni ya watu yalihifadhiwa ndani ya mifumo yake yakiwa yanasomeka. Septemba 2024 mamlaka ya ulinzi wa data ya Ireland ikaitoza Meta, mmiliki wa Facebook, faini ya euro milioni 91 kwa jambo hilo.

JARIBIO LA 4: Wateja wawili kwa pamoja

Futa ule mstari wa error_log. Mahali pake weka sleep(10). Yaani seva isinzie sekunde 10. Tuma fomu, halafu haraka fungua kichupo kingine uombe fomu.html. Cha pili kinasubiri! Seva hii kwa kawaida inahudumia ombi moja moja, kama duka lenye muuzaji mmoja. Ndiyo maana ni ya majaribio tu, usiiweke hadharani ihudumie watu. Na uandike localhost, si 0.0.0.0, la sivyo kompyuta nyingine za kafe hiyo hiyo zinaweza kuingia kwenye folda yako.

JE, HTTPS HAITOSHI?

Swali zuri. HTTPS inafunga bahasha njiani, wa katikati asisome. Lakini bahasha ikifika inafunguliwa, na seva inaandika ilichokiona. Historia ya brauza nayo iko pale pale. Na POST bila HTTPS inasomeka njiani. Kwa hiyo unahitaji vyote viwili, na logi uichunguze kabla tovuti haijaenda hewani.

Kwa wewe usiyetengeneza tovuti: ukishaingia mahali, tupia jicho anwani juu. Ukiona neno lako la siri limekaa pale, futa historia, badilisha neno hilo, na umwambie mwenye tovuti.

Haya, jaribuni. Aliyekwama aandike kwenye maoni hapo chini, aseme anatumia Windows au Linux, abandike na mstari wa logi. Ila usome kwanza kabla ya kubandika, usije ukatuachia siri yako humu!