Je, Wajua? Mtumishi Aliiba kwa Kumlisha Farasi wa Bwana Wake

Katika mashamba ya Uingereza enzi za Malkia Victoria (1837–1901), mtumishi aliyemwibia mwajiri wake alihesabiwa mbaya kuliko mwizi wa kawaida, kwa sababu alivunja uaminifu. Sheria ya mwaka 1861 iliruhusu afungwe na kazi ngumu hadi miaka 14, ingawa waliochukua vitu vidogo walipewa adhabu nyepesi zaidi.

Vilivyopotea vilikuwa vya jikoni na kabatini: sukari, leso, kijiko cha fedha. Majani ya chai yalikuwa ghali, hivyo yaliwekwa kwenye kikasha chenye kufuli, na ufunguo alikaa nao mama mwenye nyumba au msimamizi wake. Mpaka wa wizi, hata hivyo, haukuwa wazi. Kwa desturi, mpishi aliuza mafuta yaliyochuruzika kwenye nyama ya kuoka na ngozi za sungura, akatia fedha mfukoni. Akikatazwa na bwana mpya, jambo lile lile liligeuka kosa.

La ajabu zaidi lilikuwa la zizini. Mtunza farasi aliyechota nafaka ghalani bila ruhusa awaongezee farasi wa bwana wake alihesabiwa mwizi, japo yeye mwenyewe hakuonja hata punje. Bunge lililegeza sheria hiyo mwaka 1863.

Wengi hawakufikishwa mahakamani. Walifukuzwa bila barua ya sifa, na pasipo barua hiyo nyumba nyingine hazikuwapokea.