Samaki wa Amana Huko Suna

Sisi watu wa pwani hujisifu kuwa samaki twawajua. Mpe changu mtu wa Mji wa Kale, Mombasa: atamfunua mashavu atazame wekundu wake, atambonyeza kwa kidole aone nyama yarudi au yabaki na shimo, atamnusa, kisha atakwambia kavuliwa leo au jana. Elimu hiyo ni njema, ila ina upungufu mmoja: ni elimu ya samaki aliyekwisha kufa. Mimi nimevuka miaka hamsini nisijue namna ya kumtazama samaki aliye hai akaumwa, hata nilipokwenda Suna kumzuru dada yangu.

Suna, kwa msomaji asiyefika huko, ndiko uliko mji wa Migori, katika barabara itokayo Kisii kwenda mpakani Isebania. Mto Migori hupita hapo ukaenda kuungana na Mto Kuja na kumwagika katika Ziwa Viktoria. Wenyeji wake ni walaji samaki kama sisi; mbuta, ngege na omena hawakosekani sokoni. Kwa hiyo majirani wa dada yangu walicheka sana walipomwona sebuleni kwake samaki asiyezidi urefu wa kidole, akaa ndani ya gudulia la kioo, apewa chakula badala ya kuwa chakula.

Samaki huyo ni beta. Asili yake ni Siam, nchi iitwayo leo Thailand, na wenyewe humwita pla kat, yaani samaki mng'ataji, kwa kuwa madume wawili hawakai chombo kimoja ila watararuana. Watu wa huko waliwapiganisha tangu kale wakawekeana dau, mchezo ambao sisi hatuna haja nao. Mwaka 1910 mtaalamu wa Uingereza, Charles Tate Regan, alimpa jina la kitaalamu la Betta splendens, na mwaka 2019 serikali ya Thailand ikamtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa.

Huyu wa Suna alinunuliwa Nairobi na mpwa wangu, kijana aliyepata kazi Muscat baadaye. Siku ya kuondoka alimkabidhi dadake mdogo, binti wa miaka kumi na mmoja, akamwambia: "Nakuachia amana." Msomaji wa ukurasa huu hahitaji kufafanuliwa uzito wa neno hilo.

Nilifika Alhamisi jioni. Binti alinipa shikamoo akiwa amesimama pale pale kando ya gudulia, na kabla sijamaliza kuitika marahaba akasema: "Mjomba, samaki wa kaka anakufa."

Nikamtazama. Mapezi kayabana mwilini kama mwavuli uliokunjwa. Rangi yake ya buluu imefifia ikawa ya majivu. Ncha ya mkia imechanikachanika. Alilala chini, akipanda mara moja moja kuvuta hewa na kurudi kulala. Na chakula alikuwa hakukigusa siku mbili. Nikampigia simu rafiki yangu mmoja wa Kisauni, fundi wa saa, ambaye amefuga samaki wa mapambo tangu ujanani. Nilitaraji atanitajia dawa. Akasema: "Dawa iache. Nieleze habari ya maji."

Akauliza kama kadhi. Chombo kina ukubwa gani? Lita mbili. Maji ya wapi? Ya bomba. Hubadilishwa lini? Hapo binti akajibu mwenyewe kwa fahari kidogo: kila Ijumaa humwaga maji yote, akasugua gudulia kwa sabuni, akajaza mapya.

Fundi akanyamaza, kisha akacheka kwa huruma. "Mwanangu, unamuumiza kwa usafi."

Maelezo yake ni haya. Samaki hula na kwenda haja mumo humo anamoishi. Uchafu huo na masazo ya chakula hutoa amonia, nayo ni sumu inayounguza mashavu na mapezi. Chomboni huota vijidudu vyema, visivyoonekana kwa macho, ambavyo huigeuza amonia hatua kwa hatua mpaka ikapungua makali. Ukisugua kwa sabuni umeviua vyote, na kila Ijumaa kazi yaanza upya. Tena maji ya bomba yana klorini, na katika lita mbili tu sumu haina pa kuenea. Juu ya hayo pana baridi. Beta ni wa nchi ya joto. Ataka maji ya nyuzi 24 hadi 28, na Migori iko zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari. Alfajiri ya huko si ya Mombasa.

Ndipo tukaingia katika maradhi yenyewe. Je, ana vidoa vyeupe kama punje za chumvi? Hana. Tukammulika kwa tochi kutafuta unga wa rangi ya dhahabu juu ya ngozi, hapana. Tumbo halikuvimba. Magamba hayakusimama kama vigae vilivyoinuliwa na upepo, na hapo fundi akavuta pumzi, maana mwenye dalili hiyo ni nadra kupona. Yalikuwa mapezi tu, yameanza kuoza kwa ubaya wa maji.

Nikamwuliza na huku kupanda kuvuta hewa. Akasema hilo si ugonjwa: beta ana kiungo juu ya mashavu kinachompa uwezo wa kuvuta hewa ya juu. Jamaa zake wa mbali wapo katika vinamasi vya Ziwa Viktoria. Mmoja wataalamu humwita Ctenopoma muriei. Na kamongo, ambaye kila Mjaluo amjua, ana mapafu hasa. Majirani waliposikia hayo walipunguza kicheko.

Shemeji alinunua chombo cha plastiki cheupe cha lita ishirini. Maji tuliyaacha wazi usiku kucha, klorini itoke, kisha tukamzoesha samaki kikombe baada ya kikombe, maana hata maji mema yakija kwa ghafula humdhuru. Sabuni ilipigwa marufuku. Kila siku ya pili tulitoa sehemu ya tano ya maji tukarudisha mengine ya joto lile lile. Usiku chombo kilifunikwa blanketi ubavuni, juu kikaachwa na nafasi ya hewa. Chakula kikawa kidogo, kwani tumbo la beta halizidi sana jicho lake.

Fundi alituma kitu kimoja zaidi: majani makavu ya mkungu. Ndiyo, mkungu huu huu wa nyuani kwetu, ambao majani yake twayafagia tukayachoma. Thailand huyatia katika maji ya beta, na ng'ambo huuzwa kwa pakiti. Hutoa rangi kama chai nyepesi, na wafugaji husema huzuia kuvu na vijidudu vibaya. Bahasha ilikuja kwa basi kutoka Mombasa. Utingo alimwuliza shemeji hiyo ni dawa ya nani, na shemeji, mtu mzima mwenye duka, akaona haya kusema.

Usiku binti hakulala vizuri. Alikuwa amesoma chuoni habari ya mwanamke aliyemfungia paka bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie, akaingia motoni kwa sababu yake. Nikamkumbusha kwamba yule hakujali, na yeye amejali kupita kiasi. Nikamsimulia pia habari ya Abu Umayr, mtoto aliyekuwa na kindege, na jinsi Mtume (S.A.W.) alivyokuwa akimwuliza hali yake. Sijui kama ilimtosha.

Siku ya tano samaki alikula kiluwiluwi kimoja cha mbu, na Suna havikosi. Siku niliyoondoka, ukingo wa mkia ulikuwa na utando mpya, mwangavu kama kioo.

Wiki ya tatu binti alinipigia simu kwa wasiwasi: juu ya maji pameota povu; alichote? Nikamwambia asiliguse, kwani dume akipata nafuu hujenga kiota cha mapovu. Akashukuru, akataka kukata simu. Nikamwuliza kama amemweleza kakake kwamba samaki aliugua.

Akanyamaza kidogo. "Nitamwambia akirudi, mjomba. Akishamwona."