Bei ya Msiba Hupangwa Kikaoni

Jioni ya siku ya kwanza, turubai likiwa limeshafungwa na viti vya plastiki vimeshashushwa, wanaume wachache hujitenga uani na kufungua kikao. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina. Dar es Salaam swali la kwanza kwa kawaida si jeneza la mbao gani. Ni: tunazika wapi?

Jibu lake hubeba sehemu kubwa ya bajeti. Muislamu akizikwa hapa hapa, pengine siku ile ile, gharama ni sanda (nguo 3 kwa mwanamume, 5 kwa mwanamke), mbao, kaburi na ubwabwa wa wafiwa. Familia ya Kichaga inayotaka mtu wao alale kihambani, kwenye ardhi ya ukoo, inanunua safari ya zaidi ya kilomita 500 hadi Kilimanjaro. Ya Wahaya, zaidi ya 1,300 hadi Bukoba. Hapo huongezeka siku za mochwari, dawa ya kuhifadhi mwili, gari la marehemu, Coaster za waombolezaji, posho ya madereva, na chakula mara mbili: mjini, kisha kijijini.

Wakenya wanalijua swali hili vizuri. Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986, mjane wake na ukoo wakavutana hadi Mahakama ya Rufani, naye akazikwa Siaya Mei 1987. Miezi 5 mochwari, bila kuhesabu gharama za mawakili.

Soko la mazishi lenyewe lina mnunuzi wa ajabu: ana haraka, hajawahi kulinganisha bei, na anaona haya kuomba apunguziwe, asije akaonekana anambania marehemu. Mafundi majeneza waliojipanga jirani na hospitali wanamfahamu. Ndiyo maana familia zenye uzoefu hazimtumi mfiwa dukani. Humtuma shemeji au jirani, mtu mwenye macho makavu.

Tatizo jingine ni mtiririko wa fedha. Jeneza na mafuta ni taslimu. Rambirambi huja taratibu. Tangu M-Pesa ianze Tanzania mwaka 2008, mchango wa binamu aliye Mwanza hufika kabla hajapanda basi, ila bado kuna ahadi zinazobaki kwenye daftari tu. Pengo hilo zamani lilizibwa, na hata leo linazibwa, na vyama vya kufa na kuzikana. Kwa maoni yangu ndiyo bima ya msiba inayoeleweka kuliko zote: mwanachama anajua fungu lake kabla ya kufiwa, na katiba inataja mume, mke, watoto, wazazi. Ugomvi huja kwa wakwe.

Baada ya kaburi yapo matumizi yasiyo na turubai. Kifo kinatakiwa kiandikishwe ndani ya siku 30 ili RITA, wakala wa serikali wa usajili, itoe cheti, na anayeomba usimamizi wa mirathi huenda mahakamani na muhtasari wa kikao cha ukoo. Nauli za kufuatilia makaratasi hayo ni nadra kuziona kwenye bajeti ya kamati.

Siku ya kuanua tanga katibu husoma mapato na matumizi. Mwenye maturubai anakuwa ameketi nyuma kabisa, kimya, anasikiliza kama kimebaki kitu.